Mkizi wakipita mlango wa bahari wa Mkanda kwa kundi, nani anafaidi? Hesabu ya nguvu ndani ya kundi la samaki (uzi mrefu)

Mwana wa Mkomani

Assalaam aleikum wana jukwaa. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auweke asome baada ya isha.

Huku kwetu Lamu kuna kauli imezoeleka barazani: samaki hutembea kundi kwa woga. Mkizi, vibua, dagaa simu, wote wanawakimbia kolekole na jodari, ndiyo maana wanabanana. Sipingi. Aliye peke yake huliwa upesi, na macho mengi humwona adui mapema. Lakini kauli hiyo inaacha nje jambo ambalo mimi naliona kubwa sana, nalo ni matumizi ya nguvu. Samaki aliye na wenzake hupumua kidogo, huhitaji chakula kidogo ili aishi, na akichoka hupona upesi. Hayo yamepimwa, tena kwa samaki wa aina mbalimbali.

Tuanze na maji yenyewe. Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800. Samaki akitaka kwenda kasi mara mbili ya mwendo wake, nguvu anayohitaji kuyapasua hupanda karibu mara nane. Basi yeyote anayepata njia ya kupunguza mzigo huo, hata kwa sehemu ndogo, hubakiwa na akiba ya kukua, ya kutaga mayai, na ya kukimbia siku nguru atakapotokea.

Samaki anapopiga mkia huacha nyuma yake viduara vya maji, kimoja kimezunguka kuelekea huku, kinachofuata kimezunguka kuelekea kule, vimepangana kushoto na kulia. Kila kiduara kimebeba nguvu ambayo samaki yule ameshaitoa mwilini mwake. Swali ni hili: anayefuata anaweza kuiokota?

Mwaka 1973 Daniel Weihs, mhandisi wa Israeli, alichapisha hesabu yake katika jarida la Nature. Alisema inawezekana, ila kwa masharti. Anayefuata asikae sawasawa nyuma ya mkia wa mwenzake, maana pale maji yanarushwa nyuma na yatampiga usoni. Akae kwenye nafasi iliyo katikati ya wawili waliomtangulia, hapo maji yanayomkabili yanapungua. Ukiwachora kwa juu, wanne wanne wanatoka umbo la almasi.

Ilikuwa hesabu safi, lakini samaki wenyewe hawakuifuata. Mwaka 1979 Brian Partridge na Tony Pitcher walipima mahali wanapokaa samaki ndani ya makundi, heringi wakiwemo, wakakuta hawajipangi kwa umbo lile. Wengi wakakata tamaa wakasema basi, kundi halina faida ya nguvu. Kwa maoni yangu hapo ndipo fikra zilipokwama kwa muda mrefu bila sababu. Kujua samaki amekaa wapi hakukuambii ametumia nguvu kiasi gani. Ukitaka kujua nguvu, pima pumzi.

Na pumzi hupimwa hivi. Samaki huwekwa ndani ya tangi lililozibwa, lenye umbo la mzunguko. Propela inasukuma maji yazunguke, naye analazimika kuogelea ili abaki palepale. Unapima oksijeni iliyomo majini inavyopungua. Ukizidisha kasi ya maji, anapiga mkia zaidi na oksijeni inapungua haraka zaidi. Kamera inahesabu mapigo ya mkia. Kisha unarudia kazi ileile kwa kundi.

Herskin na Steffensen walifanya hivyo mwaka 1998 kwa aina moja ya samaki wa Ulaya wanaofugwa sana kule Mediterania. Waliokuwa nyuma ya kundi walipiga mkia mara chache kuliko wa mbele, kwa asilimia 9 hadi 14. Kwa hesabu ya oksijeni hiyo ni akiba ya asilimia 9 hadi 23. Msafiri wa baharini anajua maana ya kuokoa hata asilimia 10 ya mafuta kwa safari ya kwenda Kiwayuu na kurudi.

Nitaendelea. Kwanza nisikie maswali.

Nahodha Kizingitini

Wa aleikum salaam maalim. Nimesoma yote. Mimi shule yangu ni bahari, na mkizi namjua. Nimewavua kwa jarife toka ujana, na ile methali ya hasira za mkizi kuwa tijara ya mvuvi, wameniangukia mashuani wenyewe mara nyingi.

Swali langu ni moja. Kwa maelezo yako wa nyuma ndiye anayekula faida. Wa mbele je? Akiwa yeye ndiye anayepasua maji kwa niaba ya kaumu nzima, kwa nini abaki mbele? Mimi nikiwatazama kwenye maji ya kina kifupi, kuna wanaokaa mbele kwa muda, hawasukumwi na mtu. Kama wangekuwa wanapata hasara wangerudi nyuma wote, na kundi lingesimama.

Mwana wa Mkomani

Nahodha, mzee wangu, umegusa penyewe. Na jibu lake limetokana na samaki wako huyohuyo, au tuseme binamu yake. Mkizi wa Ulaya wa jamii ya mkizi wetu ndiye aliyetumiwa katika kazi mbili ambazo mimi nazipenda kuliko nyingine zote.

Ya kwanza ni ya mwaka 2012, ya Shaun Killen na wenzake. Walimpima kila mkizi peke yake kwanza, wajue uwezo wa mwili wake kutumia oksijeni akiwa kazini. Kisha wakawaweka pamoja majini yakiwa yanatiririka. Wenye uwezo mkubwa ndio waliokaa mbele zaidi, na wenye uwezo mdogo walielekea nyuma, ambako mkia hupigwa mara chache. Kwa hiyo hakuna aliyetumwa. Kila mmoja amekaa panapolingana na kifua chake. Aliye mbele ana nguvu za kumtosha, na mbele ndiko chakula kinakokutwa kwanza.

Ya pili ni ya Stefano Marras na wenzake, 2015. Walilinganisha mkizi akiwa ndani ya kundi na mkizi huyohuyo akiwa peke yake. Wakakuta hata aliye mbele anapiga mkia mara chache kuliko anavyopiga akiwa pweke. Wa nyuma anapata zaidi, lakini wa mbele hatoki mikono mitupu. Mojawapo ya maelezo ni kwamba anayefuata kwa karibu husukuma maji mbele ya kichwa chake, na shinikizo lile linamfikia aliyetangulia upande wa mkia.

Tena kuna mpangilio ambao hauna mbele wala nyuma. Mwaka 2017 kikundi cha watafiti kilichapisha kazi juu ya samaki wadogo wa maji baridi, wale wenye pua nyekundu wanaofugwa kwenye vioo. Maji yakienda polepole walijipanga ovyo. Yakizidi kasi walijipanga safu moja, bega kwa bega, na mikia yao ikapiga kwa mwendo mmoja. Ile almasi ya 1973 haikuwa umbo pekee la kuokoa nguvu. Maumbo ni mengi, na samaki huhama kutoka moja kwenda jingine dakika hadi dakika.

Kitu kimoja zaidi kuhusu kuokota nguvu majini, maana najua kuna watakaosema samaki hana akili ya kufanya hesabu hiyo. Haihitaji akili. Mwaka 2003 Jimmy Liao, George Lauder na wenzao walimweka trauti, samaki wa mtoni, nyuma ya nguzo ndani ya maji yanayokwenda kasi. Nguzo ilikuwa inaachia viduara vya maji, na trauti akajipinda kufuata viduara vile kama anateleza kati yake. Walipopima misuli yake wakakuta mingi imetulia, inayofanya kazi ni michache tu upande wa mbele. Mwaka 2006 wakachapisha la kushangaza zaidi: trauti aliyekufa, akiwekwa nyuma ya nguzo kama ile, mwili wake ulipinda wenyewe kwa viduara vile na kusogea mbele, dhidi ya mkondo. Maiti! Yaani nguvu imo majini, na mwili laini wa samaki una umbo linaloweza kuidaka.

Nendeni gatini wakati maji yanapotoka kwa kasi, mtazame samaki wadogo wanaokaa karibu na nguzo. Hawakukaa pale kwa bahati.

Samaki aliye hai ana la ziada. Ubavuni ana mstari wenye vinyweleo vidogo chini ya ngozi vinavyohisi maji yanavyosogea. Kwa mstari huo na kwa macho anajua jirani amepiga mkia lini. Mwaka 2020 Liang Li, Iain Couzin na wenzao walitengeneza samaki wa roboti, wakamfanya mmoja amfuate mwingine, wakapima umeme alioutumia. Wakakuta anayefuata anaokoa nguvu ikiwa atapiga mkia kwa kuchelewa kidogo nyuma ya mwenzake, na kuchelewa huko kunabadilika kulingana na umbali ulio kati yao. Kisha wakawatazama samaki wa dhahabu walio hai, wakaona nao wanafuata kanuni hiyohiyo.

Mtu wa Sabaki

Salaam kutoka Malindi. Mimi napeleka wageni kuzamia kwenye hifadhi, kwa hiyo chini naona makundi kila siku nikijaliwa. Maalim, haya ya tangi nayaelewa, lakini maji ya tangi yametulia. Bahari yetu wakati wa kusi si tangi. Huku mto Sabaki unapoingia baharini, maji yanavurugika, mkondo unagonga huku unarudi kule. Hivyo viduara vya jirani si vitapotea vyote? Nilidhani faida ya kundi itakufa maji yakichafuka.

Mwana wa Mkomani

Ndugu yangu wa Sabaki, hata wataalamu walikuwa na swali lako hilo, na majibu yamekuja juzijuzi tu, 2024. Matokeo yalikwenda kinyume na hofu yako. Maji yakivurugika, faida ya kundi inaongezeka.

Ni kazi ya Yangfan Zhang na George Lauder wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzao. Walitumia danio, samaki mdogo wa Asia. Kabla sijafika kwenye matokeo inabidi niseme kitu kuhusu nyama.

Ukimpasua kibua unaona ukanda wa nyama iliyokoza rangi ubavuni, na nyama iliyopauka kwingine kote. Ile iliyokoza ni ya safari: inatumia oksijeni, haichoki haraka. Ile iliyopauka ni ya mbio za ghafla: inatoa nguvu bila kusubiri oksijeni, lakini inaacha deni, na deni hilo hulipwa baadaye kwa kuhema. Waliopima zamani walipima zaidi ile nguvu ya oksijeni wakati samaki anaogelea. Samaki akienda kasi sana, sehemu kubwa ya gharama imejificha kwenye deni. Zhang na Lauder walipima vyote viwili: wakati wa kuogelea, na baada ya hapo samaki akiwa anahema kulipa deni.

Katika maji yaliyotulia, kwa mwendo wa kasi, danio aliye ndani ya kundi alitumia nguvu pungufu hadi kwa asilimia 56 kwa kila pigo la mkia, akilinganishwa na aliye pekee. Baada ya mbio, kundi lilipona haraka zaidi kwa asilimia 43. Hii ya kupona mimi naipa uzito mkubwa kuliko ile ya kwanza. Kolekole hamfukuzi kibua mara moja akaenda zake. Anarudi. Anayepona mapema ndiye aliye tayari kwa mbio za pili.

Kisha wakayavuruga maji makusudi. Danio wa peke yake alitaabika, mkia ukafanya kazi zaidi kwa takriban asilimia 22 katika kasi kubwa. Kundi lilifanya jambo lenye busara: lilijikusanya. Nafasi ambayo kundi zima lilikuwa limeitwaa majini ilipungua kwa asilimia 41 hadi 68, na mikia haikuongeza kazi. Mwisho wa hesabu, kwa kasi kubwa ndani ya maji yale yaliyovurugwa, kundi lilitumia nguvu pungufu kwa asilimia 63 hadi 79 kuliko mpweke. Maelezo yao ni kwamba waliomo ndani wanakingwa na miili ya wenzao, na msukosuko unapungua nguvu kabla haujawafikia.

Nahodha, nadhani sasa unaona kwa nini mkizi wakipita Mkanda wakati mkondo umechachamaa hubanana zaidi kuliko wakiwa mkokoni maji yametulia. Hiyo ni fikra yangu kutokana na kazi hizi, mkondo wa Mkanda wenyewe sijauona ukipimwa kwa namna hii. Lakini danio na mkizi wanakabiliwa na maji yaleyale.

Ukhti Langoni

Maalim shukran, uzi umeniweka macho. Mimi si mtu wa bahari ila nasoma biolojia. Nimeona hesabu zote ni za kuogelea. Samaki wakiwa wametulia je, wamelala kwenye matumbawe, hawaendi popote? Hapo viduara hakuna. Kundi linawasaidia nini?

Mwana wa Mkomani

Ukhti, Mungu akuzidishie. Hili ndilo nililotaka kulifikia, na kama mtu atasoma sehemu moja tu ya uzi huu, asome hii.

Kuna samaki mdogo wa kijani kinachoelekea buluu, anayeishi kwenye matumbawe yenye matawi, kwa makumi kwa makumi. Jina lake la kisayansi ni Chromis viridis. Anapatikana Bahari ya Hindi mpaka huku kwetu Afrika Mashariki, na nina hakika Mtu wa Sabaki anamjua kwa sura. Mwaka 2016 Lauren Nadler na wenzake walichapisha kipimo walichokifanya Australia. Wakampima samaki aliyetulia, haogelei kwenda popote, mara akiwa peke yake, mara akiwa anawaona na kuwanusa wenzake walio upande wa pili. Hakuna aliyemkinga na maji. Kilichobadilika ni uwepo wa wenzake tu.

Akiwa na wenzake, kiwango cha chini kabisa cha nguvu anayotumia mwilini kilishuka kwa asilimia 26.

Mtu anayepita peke yake usiku kwenye kichochoro kirefu moyo unamdunda, na akisikia sauti za jamaa zake pale mbele unashuka. Samaki naye ni hivyo. Aliye peke yake hubaki macho muda wote, mwili uko tayari kukimbia, na utayari ule unakula akiba yake saa zote ishirini na nne. Wale waliotengwa kwa wiki moja walikonda.

Ndiyo maana nilisema mwanzo kwamba sipingi habari ya woga. Ninachosema ni kwamba woga wenyewe una gharama, na unalipwa kwa oksijeni na kwa nyama ya mwili. Kundi linaipunguza gharama hiyo hata siku ambayo adui hakutokea.

Nahodha Kizingitini

Hilo la woga limeniingia sana. Lakini maalim, kama kundi ni neema hivi, mbona chewa anakaa pangoni peke yake karibu maisha yake yote na ananenepa?

Mwana wa Mkomani

Kwa sababu chewa hasafiri sana, mzee wangu. Anavizia. Nguvu yake ni mdomo na subira, na akiwa na wenzake kumi pangoni mle njaa itawaua.

Kundi lina gharama zake, na si haki nizifiche. Chakula kinagawanywa, na anayekaa nyuma anakuta mabaki. Ugonjwa na vijidudu vinahama kwa urahisi. Hata hewa inapungua: mwaka 1967 McFarland na Moss walipima oksijeni ndani ya makundi makubwa ya mkizi baharini, wakakuta inashuka kutoka mbele kwenda nyuma, kwa kuwa wa mbele wameshaipumua. Yaani yule wa nyuma aliyeokoa nguvu ya mkia anakutana na maji yaliyochoka. Hiyo nadhani ni sababu mojawapo ya kundi kutokua bila kikomo, na ya wa nyuma kuhangaika na kubadilisha nafasi.

Na adui mkubwa kuliko wote wa kundi ni wavu. Kujikusanya kunakomfaa mbele ya kolekole ndiko kunakomponza mbele ya ringneti, inayozingira kundi zima kwa mkupuo mmoja. Hapa naomba niseme ninachokiamini kwa dhati. Tukizungumza juu ya uvuvi tunahesabu kilo zilizotolewa. Hatuwahesabu waliobaki. Kundi likizingirwa likatolewa sehemu kubwa, wale wachache waliotawanyika hawarudi kwenye maisha yale yale kwa idadi ndogo. Kila mmoja wao anaanza kuishi kwa gharama kubwa zaidi: anapasua maji mwenyewe, anakaa macho mwenyewe, mpaka atakapowapata wengine. Ndivyo pia kwa boti ya mashine inayokata katikati ya kundi kwa makusudi, ili wageni wapige picha samaki wakitawanyika.

Mtu wa Sabaki

Hilo la boti nimelishuhudia huku kwetu, na nitawaambia vijana ninaofanya nao kazi wazime mashine mapema wasubiri kundi lipite.

Swali la mwisho kutoka kwangu. Shemeji yangu yuko kwenye kikundi cha bwawa la mwatiko na mkizi. Wakiwapata vifaranga baharini huwa wanawatenganisha kwa ukubwa, na wale wakubwa wachache wanawekwa kwenye ndoo kila mmoja na yake wakisubiri bwawa. Wanasema wale ndio wanaokufa zaidi. Inahusiana?

Mwana wa Mkomani

Siwezi kukuambia kifo kimoja kimoja kimetokana na nini bila kuyaona maji yale. Joto la ndoo na hewa ya ndani yake huua kabla ya mengine yote, waanze kuangalia hapo. Lakini kumtenga mkizi mmoja mmoja huenda ni kumwongezea matumizi ya oksijeni mahali ambapo oksijeni ni kidogo tayari. Mwambie shemeji wawaweke wale wakubwa pamoja kwenye chombo kipana, chenye kivuli, maji yabadilishwe mara kwa mara, wasibanane kupita kiasi kwa sababu ile ya McFarland na Moss. Kama hakuna chombo kikubwa, basi ndoo zenye kuta zinazopitisha mwanga ziwekwe karibu karibu ili waonane. Wale wa Australia nao walitenganishwa na wenzao na bado walitulia, ila wao waliwanusa pia, si kuwaona tu.

Wajaribu kwa vifaranga wachache kwanza, wahesabu waliokufa upande huu na upande ule, kisha uje utuambie hapa.